Nukta ambayo jana haikuwapo

Anayeoneshwa picha ya supanova kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: iko wapi? Macho yanatafuta moto na mawingu ya rangi. Kwenye picha kuna galaksi, mikono yake imejikunja vizuri, na pembeni kuna kanukta keupe ambako hakana tofauti yoyote na nyota nyingine kumi zilizotawanyika mle. Basi ndiyo hiyo. Nyota nzima imelipuka, mwanga wake umesafiri miaka milioni 21, na ulipofika kwenye chipu ya kamera umeangukia pikseli chache tu, za kuhesabu kwa vidole.

Ndiyo maana kazi hii ni ya ushahidi kwanza, urembo baadaye. Picha nzuri inaweza kutoka humohumo, lakini kila hatua kuanzia kwenye kuba la darubini hadi kwenye kompyuta inalenga kujibu mtu atakayeuliza: umejuaje kwamba hiyo nukta si pikseli mbovu, si mwanga uliogonga kioo na kurudi, si asteroidi inayojipitia?

Januari 21, 2014 mawingu yalikuwa yanafunga anga la London. Steve Fossey alikuwa na wanafunzi kwenye kituo cha kutazamia anga cha University College London, akiwafundisha kutumia kamera ya darubini ya sentimita 35, wakaielekeza kwenye galaksi ya M82. Nukta ikaonekana. Kilichofuata ndicho cha kuigwa: kabla ya kumwambia mtu, waligeuza darubini ya pili ya kituo hichohicho na kupiga tena, ili wajue kama tatizo ni la kifaa. Nukta ikabaki palepale. Hiyo ndiyo SN 2014J. Baadaye ikabainika kwamba wengine walikuwa wameshaipiga picha siku kadhaa kabla, nukta ikiwa imekaa waziwazi kwenye faili zao, na hawakuiona. Kupiga picha na kuitazama picha ni kazi mbili.

Hesabu kabla ya kufungua kuba

Magnitudi ni kipimo kinachokwenda kinyume: namba ikipanda, mwangaza unashuka, na tofauti ya magnitudi 5 ni mara 100 kamili. Supanova za aina ya Ia, zile za kibete cheupe (masalia mazito ya nyota iliyozeeka) kinacholipuka chote, hufikia kilele kinachokaribiana sana, magnitudi halisi, yaani inayohesabiwa kana kwamba kila kitu kiko umbali mmoja wa kukubaliana, ya -19.3 hivi. Kwa hiyo Ia iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 100 itaonekana kama magnitudi 13 ikiwa kileleni. Iweke kwenye miaka ya nuru milioni 300, itakuwa 15.5. Zile za aina ya II, nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka, kwa kawaida huwa hafifu zaidi kwa magnitudi mbili au zaidi.

Halafu ukumbuke vumbi. SN 2014J ilikuwa jirani, miaka ya nuru milioni 12 tu, na ingestahili kung'aa kwa magnitudi 8 na nusu. Kilele chake kiliishia 10.5 kwa sababu M82 imejaa vumbi, na vumbi hula mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Ukipiga kwa kichujio cha bluu pekee ungedhani supanova hiyo ni dhaifu kwa asili.

Aina inaamua pia ratiba. Ia hupanda kwa wiki mbili na nusu hivi, kisha huanza kushuka mara moja. Baadhi ya aina ya II hufika kwenye uwanda, zikakaa na mwangaza karibu uleule kwa siku kama 100, ndipo zikaporomoka ghafla. Wiki moja ya mawingu inakunyang'anya kilele cha Ia, ila uwandani hupotezi kitu kikubwa. Kama muda wa darubini ni wa kugombania, mpe Ia muda mfupi kwa usiku mwingi badala ya usiku mmoja mrefu.

Kimo nacho kina hesabu nyepesi: toa latitudo ya kituo kwenye deklinesheni ya galaksi (deklinesheni ni kama latitudo, ila ya angani), puuza alama ya kutoa, kisha ondoa jibu kwenye 90. Galaksi ya M101 iko deklinesheni +54, kwa hiyo aliye kwenye ikweta hawezi kuiona juu ya digrii 36 hata siku moja. Kwenye kimo cha digrii 30 mwanga hupita kwenye hewa maradufu ya ile ya utosini. Chini ya hapo nyota huvimba, na rangi zake huanza kuachana, bluu juu na nyekundu chini. Piga inapokaribia meridiani, mstari wa angani unaotoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini. Na kama darubini imefungwa kwenye stendi ya aina ile inayolazimika kugeuka inapovuka meridiani, jua kwamba picha za baada ya hapo zitatoka zimepinduka nusu mzunguko. Wapo waliotangaza kitu kipya kumbe wameshika picha kichwa chini.

Pikseli na kioo

Kila pikseli inakamata kipande fulani cha anga, na ukubwa wake ni 206.265 mara upana wa pikseli kwa mikromita, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Tuchukue darubini ya kipenyo cha milimita 400 yenye urefu wa fokasi milimita 3,200 na kamera ya pikseli za mikromita 9. Jibu ni sekunde za tao 0.58 kwa pikseli (digrii moja ina sekunde za tao 3,600). Hewa ikiwa ya kawaida, nyota hupanuka hadi sekunde za tao 2 na nusu, kwa hiyo hapo inafunika pikseli zaidi ya nne. Ni nyingi kupita haja. Unganisha pikseli mbili kwa mbili na kila moja inakuwa 1.16, nyota inakaa kwenye pikseli mbili na kidogo, na chenga zinapungua. Kati ya pikseli mbili na tatu ndipo pazuri. Chini ya mbili nyota inaanza kufanana na pikseli mbovu, na hilo ni balaa kwa kazi hii hasa.

Fokasi isirekebishwe mara moja jioni ukaiacha. Bomba la darubini husinyaa usiku ukipoa, na fokasi inahama nalo. Pima upana wa nyota kwenye kila picha kadiri zinavyoingia. Ukiona umetoka pikseli 2.2 hadi 2.9 na hewa haijabadilika, simamisha na ufokasi upya. Kila kichujio kina fokasi yake pia, tofauti ndogo lakini ipo.

Picha zisizo na nyota

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo kazi huharibika. Kamera ipozwe hadi nyuzi joto ambazo inaweza kuzishikilia usiku kucha, tuseme -20 za Selsiasi. Usilazimishe -30 halafu kipoza kikawa kinafanya kazi kwa asilimia 100 na joto likayumba. Umeme unaozalishwa na joto lenyewe ndani ya chipu huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 au 7, ndiyo maana picha ya giza iliyopigwa kwenye -15 haiwezi kusafisha picha ya -20. Piga picha za giza 20, kifuniko kikiwa kimefungwa, zenye muda uleule na joto lilelile la picha za kazi. Ongeza za bayasi 30, zinazoonesha thamani ambayo pikseli huanza nayo kabla ya mwanga, za muda mfupi kabisa kamera inaoweza.

Picha za flati, yaani za anga tupu lenye mwanga sawa, ndizo huondoa kivuli cha vumbi na giza la pembezoni. Anga la mashariki, karibu na utosini, dakika chache baada ya jua kuzama, linatosha. Lenga thamani ya 25,000 hadi 30,000 kwenye kamera ambayo mwisho wake ni 65,535. Jioni anza na kichujio kinachopitisha mwanga kidogo, kwa kawaida cha bluu, anga likiwa bado jeupe, umalizie na kile kinachopitisha mwingi. Alfajiri geuza mpangilio. Karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka, dirisha hilo ni la dakika chache, kwa hiyo panga vichujio kabla. Sogeza darubini kidogo baina ya picha moja na nyingine, ili nyota zitakazojitokeza zisikae mahali pamoja. Ukichukua wastani wa kati zinatoweka.

Kosa la kawaida: flati zinapigwa jioni, halafu usiku wa manane mtu anaizungusha kamera ili galaksi ikae vizuri kwenye fremu. Tangu hapo kila chembe ya vumbi iliyo mbele ya kamera na isiyozunguka nayo, ambayo huacha kivuli cha duara kama bangili, inatokea mara mbili kwenye picha iliyosahihishwa: bangili nyeusi mahali ilipo sasa, na bangili nyeupe mahali ilipokuwa jioni. Supanova ikikaa juu ya ukingo wa bangili hiyo, kipimo chake hakina thamani tena. Ukizungusha kamera, piga flati nyingine alfajiri.

Sekunde ngapi?

Kwa darubini ile ya milimita 400 na kichujio cha kijani au chekundu, anza hivi: magnitudi 11, sekunde 10 hadi 15, magnitudi 14, sekunde 60, magnitudi 17, sekunde 300. Hizo ni za kuanzia tu. Baada ya picha ya kwanza, weka mshale juu ya supanova usome thamani ya pikseli yake ya kilele. Ikipita 45,000 punguza. Chipu nyingi huacha kuhesabu kwa uaminifu kabla hazijajaa kabisa, na kwenye skrini hutaona chochote cha ajabu. Nyota inaonekana nzuri, duara safi, kumbe imedanganya kwa asilimia kadhaa.

Mvutano uliopo ni huu: galaksi inataka muda mrefu, supanova angavu inataka mfupi. Usitafute namba ya katikati. Piga seti mbili. Seti ya picha fupi ni ya kipimo, seti ya picha ndefu ni ya kuonesha mikono ya galaksi. Na hata kwenye seti ndefu, picha 12 za dakika 5 ni bora kuliko 4 za dakika 15: satelaiti ikipita unatupa moja, upepo ukitikisa unatupa moja, na nyota za jirani unazohitaji kwa ulinganisho hazijai. Ila usishuke chini ya sekunde 3 kwenye kamera yenye shata ya vipande vya chuma, kwa sababu muda wa shata kufunguka unaanza kuhesabika, na katikati ya picha panapata mwanga zaidi ya pembeni.

Picha fupi nyingi zina faida nyingine ambayo Víctor Buso wa Argentina aliipata Septemba 20, 2016. Alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini ya sentimita 40, akielekea galaksi ya NGC 613, na kwa kuwa anga la mji wa Rosario lina mwanga mwingi alipiga picha za sekunde 20 moja baada ya nyingine. Katikati ya mfululizo ule nukta ikachomoza na kuendelea kung'aa picha hadi picha: SN 2016gkg, imekamatwa ikianza. Picha moja ya saa nzima ingeonesha nukta tu, bila habari ya kupanda kwake.

Saa ya kompyuta isahihishwe kwa intaneti kila jioni, na kila faili la FITS (muundo wa faili za picha za anga) libebe muda wa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwa mlipuko unaopanda kwa saa chache, kosa la saa moja la majira ya eneo linaharibu kila kitu kimyakimya, kwani picha yenyewe haina dalili.

Kuihoji nukta

Kuza picha hadi uone pikseli mojamoja. Nyota halisi ina kilima. Mstari unaopita katikati yake unaweza kusomeka hivi: 860, 1,690, 5,790, 9,750, 5,870, 1,730, 875. Angalia inavyopanda na kushuka kwa mlingano, na upana wake ni sawa na wa nyota nyingine kwenye picha hiyohiyo. Pikseli mbovu inasomeka 820, 815, 9,750, 830: mnara uliosimama peke yake. Miale ya kosmiki hufanana na mnara huo, mara nyingine kamstari kafupi chenye kingo kali, na hutokea kwenye picha moja tu. Ukiwa unasogeza darubini pikseli kumi au kumi na tano kati ya picha, jambo ambalo ni la lazima kwa maoni yangu, pikseli mbovu itabaki mahali pake kwenye chipu wakati nyota zote zimehama. Nukta inayohama pamoja na nyota imevuka mtihani wa kwanza.

Wa pili ni mizimu. Nyota angavu iliyo karibu huakisiwa kati ya kichujio na kioo cha kamera, ikaacha taswira hafifu upande wa pili. Mara nyingi mzimu ni duara pana, lakini upo unaokusanyika ukafanana na nyota. Sogeza darubini dakika chache za tao: mzimu husogea kivyake, haufuati galaksi.

Wa tatu ni asteroidi. Za ukanda mkuu husogea karibu nusu sekunde ya tao kwa dakika, yaani kwenye kamera yetu pikseli 26 hivi kwa saa. Picha mbili zilizoachana kwa saa moja zinamaliza ubishi, isipokuwa asteroidi iwe kwenye kipindi chake cha kusimama kabla ya kugeuza mwendo, ambapo inatambaa polepole mno. Hapo tumia huduma ya Minor Planet Center, kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za asteroidi, kuangalia kama kuna asteroidi inayojulikana mahali hapo kwa saa hiyo.

Mtihani wa nne ndio unaoangusha watu, kwa sababu galaksi zenyewe zina nukta. M101 ina mawingu ya gesi yenye nyota changa yanayong'aa kiasi cha kupewa namba zake yenyewe kwenye orodha ya NGC. SN 2023ixf, ile ambayo Koichi Itagaki wa Japani aliigundua Mei 19, 2023, ilitokea jirani kabisa na mojawapo, NGC 5461. Kwenye picha yenye hewa mbaya viwili hivyo viliungana. Dawa ni picha ya zamani: mradi wa kupiga picha za anga wa Pan-STARRS umepiga anga lote la juu ya deklinesheni -30 kwa kina kinachozidi uwezo wa darubini nyingi ndogo, na kusini zaidi zipo picha zilizoskaniwa kutoka sahani za kioo zilizopigiwa picha zamani. Kitu kikiwemo kwenye picha ya miaka kumi iliyopita, si supanova yako.

Kuitoa galaksi

Kupima mwangaza kwa njia ya kawaida ni rahisi: chora duara juu ya nyota, jumlisha mwanga, chora pete nje yake, kadiria anga la nyuma, toa. Kwenye supanova pete hiyo inaangukia mkono wa galaksi upande mmoja na uwazi upande mwingine. Makadirio yanakwenda mrama, na jinsi supanova inavyofifia ndivyo kosa linavyokua, hadi mchoro wa mwangaza unalala wakati supanova halisi inaendelea kushuka. Mwanga unaoupima wakati huo ni wa galaksi.

Njia sahihi ni kutoa picha ya galaksi isiyo na supanova kutoka kwenye picha yenye supanova. Kwanza zipandanishe kwa nyota hadi sehemu ya kumi ya pikseli. Pili, picha yenye nyota nyembamba itiwe ukungu kwa programu hadi nyota zake zifanane upana na za ile nyingine. Tatu, sawazisha mwangaza, ndipo utoe. Ikienda vizuri galaksi inatoweka, inabaki kijivu tupu yenye chenga, na katikati ya chenga hizo nukta moja. Isipokwenda vizuri utaona nyota zote zimekuwa nusu nyeupe nusu nyeusi, kama mwezi uliokatwa: upandanishaji umekosea. Ukiona pete nyeupe yenye shimo jeusi, upana haukulingana. Kiini cha galaksi huacha takataka hata mambo yakiwa sawa, kwa hiyo nukta yoyote iliyo ndani ya sekunde za tao mbili tatu za kiini itiliwe shaka mara mbili.

Vichujio vya picha ya zamani visipofanana na vyako, utoaji utaacha mabaki yenye rangi: mawingu mekundu ya gesi yatabaki kama nukta za uongo. Picha za kukopa zinasaidia kugundua. Kwa kupima, hazifai sana.

Kwa ulinganisho chagua nyota za jirani ambazo mwangaza wake umeshapimwa, AAVSO (chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza) hutoa ramani zake. Tumia angalau tatu, na moja zaidi ya ukaguzi ambayo unaipima kana kwamba huijui. Jibu lake likitofautiana na la kitabu kwa zaidi ya magnitudi 0.05, tatizo liko kwako. Na kipimo chochote kifanywe kabla picha haijavutwa mwangaza wala kugeuzwa JPEG. Picha ya rangi ije baadaye, na ushauri ni mmoja: programu za kupunguza nyota zizimwe, maana zitaipunguza supanova pia.

Ukikipata kitu ambacho hakijaripotiwa, hupelekwa kwenye Transient Name Server ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambako hupewa jina linaloanza na AT. Herufi SN huja baada ya spektra, yaani mwanga wake uliotawanywa rangi moja moja, kuthibitisha. Herufi za mwisho ni hesabu tu: ixf ina maana ya kitu cha 6,714 kupewa jina mwaka ule, na ilikuwa bado Mei.

Picha zote ghafi zihifadhiwe, hata zile zilizopigwa kwa ajili ya kupima fokasi. Baada ya SN 2023ixf kutangazwa, watu walirudi kwenye faili zao za saa chache kabla ya ugunduzi wakaikuta, na faili hizo zikasaidia kujua mlipuko ulianza lini.

Inabaki picha moja, na wengi huisahau kwa sababu hupigwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Darubini ileile, kamera ileile, vichujio vilevile, usiku wenye hewa tulivu kuliko zote zilizotangulia, muda mrefu zaidi, galaksi ikiwa kwenye fremu kama mwanzo. Hiyo ndiyo itakayotolewa kwenye nyingine zote ili kila kipimo kirekebishwe. Kabla ya kuitumia, kuza mahali pale pa nukta uhakikishe hapana kitu.